Njeo na Ulinganishi wa Kiingereza kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiingereza hukabidhiwa mapema sana mambo mawili, nayo ni nyakati za vitenzi na namna ya kulinganisha vivumishi. Vitabu vingi vya kiada huyapanga katika majedwali, mwanafunzi akayakariri, akafaulu zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi, kisha akaandika insha iliyojaa "I am knowing", "he didn't went" na "more better" kana kwamba hakufundishwa lolote. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa katika shule za msingi za serikali za Tanzania Bara masomo hufundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza huwa somo mojawapo tu, ilhali mara anapoingia kidato cha kwanza lugha hiyo hugeuka kuwa chombo cha kujifunzia baiolojia, historia na jiografia. Nchini Kenya, ambako madarasa ya mwanzo hutumia Kiswahili au lugha ya eneo la shule, mgeuko kama huo huja mapema zaidi, katika darasa la nne. Makosa hayo hayatokani na uvivu. Yana utaratibu wake, na utaratibu huo una asili yake katika sarufi ya Kiswahili yenyewe, ambayo huligawa tendo kwa namna ya kina kuliko inavyodhaniwa darasani.

Kabla ya kuyaangalia makosa yenyewe, inafaa istilahi mbili zitenganishwe. Njeo ni umbo la kitenzi linaloonyesha tendo lilipo katika wakati, yaani kabla ya usemaji, sambamba nao au baada yake, na hali ni namna tendo linavyotazamwa: kama jambo zima, kama jambo linaloendelea, au kama jambo lililokamilika na kuacha matokeo. Jedwali la nyakati kumi na mbili linalobandikwa kwenye kuta za madarasa huchanganya mambo haya mawili, na ndiyo maana huonekana kubwa na la kutisha. Kwa umbo, kitenzi cha Kiingereza kina njeo mbili tu, ya sasa na ya wakati uliopita, kama "write" na "wrote". Wakati ujao hauna kiambishi chake, bali huelezwa kwa kitenzi kisaidizi "will", ambacho ni ndugu wa "can" na "may". Juu ya msingi huo huwekwa hali mbili: hali endelevu, inayoundwa kwa "be" na kitenzi chenye "-ing", na hali timilifu, inayoundwa kwa "have" na kitenzi kishiriki kama "written". Hali hizo zaweza kutumika kila moja peke yake, au pamoja kama katika "has been writing", au zisitumike kabisa, na hapo ndipo zinapopatikana zile kumi na mbili. Mwanafunzi aliyeelewa viungo hivi vichache hana haja ya kukariri jedwali zima.

Njia ya mkato inayotumika zaidi ni ile ya kulinganisha kiambishi kimoja cha Kiswahili na njeo moja ya Kiingereza, kwamba -na- ni wakati uliopo, -li- ni wakati uliopita, -me- ni hali timilifu na -ta- ni wakati ujao. Njia hii humsaidia mwanafunzi kwa majuma machache ya mwanzo, kisha humpoteza kwa miaka.

Kiambishi -na- ndicho kinachoanza kuleta matatizo. "Anasoma" yaweza kumaanisha kwamba kitabu kiko mkononi wakati huu, na yaweza kumaanisha kwamba mtu huyo ni mwanafunzi wa chuo fulani, hata kama sasa hivi amelala. Kiingereza hulazimisha uchaguzi kati ya "is reading" na "reads", na mwanafunzi aliyezoea umbo moja huelekea kulichagua lile lenye "-ing" kila mahali, akaandika "I am wanting" au "he is having a car", ingawa vitenzi vya kujua, kutaka, kupenda, kuamini na kumiliki kwa kawaida havikubali hali endelevu. Msaada upo karibu, nao hutumika kwa nadra: kiambishi hu- cha mazoea. "Mama huuza samaki" huelekeza moja kwa moja kwenye "Mother sells fish", na mwalimu anayemzoesha mwanafunzi kujiuliza kama sentensi yake inakubali hu- bila kubadili maana huwa amempa kipimo kinachotoka katika lugha anayoimudu. Kinachobaki ni "-s" ya nafsi ya tatu umoja, ambayo husahaulika kwa sababu inayoeleweka: Kiswahili huonyesha nafsi zote mwanzoni mwa kitenzi, ilhali Kiingereza huonyesha moja tu, tena mwishoni, mahali ambapo sikio la Mswahili halijazoea kutega.

Kiambishi -me- ndicho chenye mambo mengi zaidi. Kuna kundi kubwa la vitenzi vya Kiswahili vinavyotaja kuingia katika hali fulani, kama kusimama, kukaa, kulala, kuchoka, kuvaa, kukasirika, kuiva, kushiba na kuelewa, na vitenzi hivi vikichukua -me- huonyesha kwamba mhusika yumo ndani ya hali hiyo sasa. Anayesema "amesimama mlangoni" hazungumzii jambo lililopita. Anamwelezea mtu aliye wima mlangoni wakati huu, na Kiingereza husema "is standing". "Mtoto amelala" ni "the child is asleep", "embe limeiva" ni "the mango is ripe", na "amevaa kanzu" ni "he is wearing a kanzu", wakati "anavaa kanzu", ikisemwa juu ya mtu aliye mbele ya macho, ni kitendo cha kuiingiza mwilini. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -me- ni "has" ataandika "she has stood at the door" na kushangaa anaposahihishwa, kwa kuwa amefuata kanuni aliyopewa bila kukosea hata hatua moja. Kosa liko katika kanuni, na ni haki ya mwanafunzi kuambiwa hivyo.

Sehemu ya pili ya tatizo la -me- ni kwamba Kiswahili cha kila siku hukiruhusu kukaa pamoja na wakati uliotajwa. Watu husema "nimezaliwa Tanga mwaka 1998" na "barua imefika jana" bila msikilizaji kushtuka. Hali timilifu ya Kiingereza katika njeo ya sasa haivumilii hivyo: kazi yake ni kulifunga jambo lililopita na wakati wa sasa bila kulitajia siku yake, na mara "yesterday" au "in 1998" inapoingia, kitenzi hurudi kwenye wakati uliopita sahili, "the letter arrived yesterday", "I was born in 1998". Kipo kipimo kinachoweza kumwonyesha mwanafunzi mpaka huu bila kumtoa katika Kiswahili, nacho ni ukanushi. Sentensi ya "nimezaliwa Tanga" ikikanushwa huwa "sikuzaliwa Tanga", na hakuna asemaye "sijazaliwa Tanga". Vivyo hivyo "barua imefika jana" hukanushwa kwa "haikufika jana", kwani "haijafika jana" haisemeki. Lakini "barua imefika", pasipo siku, hukanushwa kwa "haijafika", na hapo ndipo Kiingereza hutaka "has arrived" na "has not arrived yet". Katika ukanushi Kiswahili hutenga -ku- na -ja- kwa ukali karibu uleule ambao Kiingereza hutenga "did not" na "has not", na ni jambo la kusikitisha kwamba utajiri huu, ambao mtoto huja nao shuleni tangu siku ya kwanza, hautumiki zaidi ya ulivyo sasa. Kipimo hiki hakitatui kila kitu, kwa kuwa "amelala" hukanushwa kwa "hajalala" ingawa Kiingereza husema "is asleep", lakini kwa sentensi zenye tarehe, saa au siku hufaa vizuri.

Neno "tangu" nalo huleta mgongano. Kiswahili husema "anaishi Mombasa tangu 2015" kwa njeo ya sasa, kwa kuwa makazi hayo bado yanaendelea, ilhali Kiingereza huangalia kipindi chote kuanzia mwanzo wake na kudai "has lived" au "has been living". Mwanafunzi huandika "lives in Mombasa since 2015", tena mara nyingi huongeza kosa la pili kwa kutumia "since five years", wakati "since" hutaja mwanzo wa kipindi na "for" hutaja urefu wake.

Mahali ambapo lugha hizi mbili zinakaribiana kuliko kwingine ni katika njeo ambatani, yaani zile zinazoundwa kwa vitenzi viwili, cha kwanza kikiwa "kuwa". "Nilipofika walikuwa wameondoka" hulingana kwa kila kipande na "when I arrived they had left". "Walikuwa wakila" ni "they were eating". "Watakuwa wamemaliza" ni "they will have finished". Na "amekuwa akifundisha kwa miaka kumi" ni "he has been teaching for ten years", umbo ambalo vitabu huliahirisha hadi mwisho kwa kuliogopa. Tofauti iliyopo ni kwamba Kiswahili hutumia kisaidizi kimoja katika nafasi zote, nacho Kiingereza hubadilisha kati ya "be" na "have". Mwanafunzi aliyefundishwa hali timilifu ya wakati uliopita kwa njia hii haingii katika mtego wa kudhani kwamba "had" huashiria jambo la zamani sana, dhana inayowafanya wengi waandike masimulizi mazima kwa "had gone" na "had bought". Masimulizi ya Kiswahili hutumia -ka-, kama katika "alikwenda sokoni, akanunua samaki, akarudi nyumbani", na Kiingereza huyapanga matendo hayo kwa wakati uliopita sahili tu, "went", "bought", "returned". "Had" huhitajika pale msimulizi anaporudi nyuma ya mahali alipokwisha kufika.

Ukanushi na maswali ya Kiingereza hutumia kitenzi kisaidizi "do", ambacho katika njeo sahili hubeba alama ya njeo na kukiacha kitenzi kikuu kikiwa wazi. Kosa la "didn't went" huzaliwa pale alama hiyo inapowekwa mara mbili, na Kiswahili kina somo juu ya hilo: katika "hakuenda" kiambishi -li- hutoweka mara -ku- inapoingia, wala hakuna anayejaribu kuviweka vyote viwili. Katika maswali, Kiswahili huacha mpangilio wa maneno kama ulivyo na kutegemea kiimbo, "umekula?", hivyo mwanafunzi hana budi kuzoea kukitanguliza kisaidizi mbele ya kiima, na hili halina njia nyingine zaidi ya mazoezi ya mdomo.

Kuhusu wakati ujao, -ta- moja ya Kiswahili hugawanywa na Kiingereza kati ya "will", "be going to" na hali endelevu ya sasa kwa mambo yaliyokwisha kupangwa. Hii ya mwisho haina ugumu, kwa kuwa Waswahili nao husema "kesho naenda Tanga". Kinachohitaji uangalifu zaidi ni vishazi vya wakati na vya sharti. Anayefikiri kwa "ukifika, nipigie" hufika salama kwenye "when you arrive, call me", lakini anayefikiri kwa "utakapofika", umbo lenye alama ya wakati ujao ndani yake, huandika "when you will arrive", jambo ambalo Kiingereza hukataa. Sharti lisilo la kweli lina mtego mkubwa zaidi, kwa sababu Kiswahili huweka -nge- pande zote mbili, "ningekuwa na pesa ningenunua shamba", na mwanafunzi huhamisha ulinganifu huo na kuandika "if I would have money I would buy a farm". Kiingereza huweka "would" upande wa matokeo tu, na upande wa sharti hutumia umbo la wakati uliopita, "if I had money", ingawa jambo linalosemwa ni la sasa. Umbo hilo hapo huonyesha umbali kutoka katika ukweli, na pasipo kuelezwa hivyo linabaki fumbo.

Vitenzi visivyofuata kanuni huwa mzigo wa kumbukumbu, lakini hata huo una sababu zake. Vitenzi kama "sing, sang, sung" ni mabaki ya utaratibu wa kale wa lugha za Kijerumaniki wa kubadili irabu ya mzizi. Utafiti wa Erez Lieberman na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2007, ulifuatilia vitenzi 177 vya aina hiyo vya Kiingereza cha Kale na kukuta 98 kati yake bado havijaingia katika kanuni ya "-ed", na kwamba kadiri kitenzi kinavyotumika mara chache ndivyo kinavyoingia upesi. Kwa mwanafunzi maana yake ni kwamba vitenzi vikaidi ndivyo vinavyosemwa kila siku, "be", "have", "do", "go", "say", hivyo hujifunzwa vizuri zaidi ndani ya mazungumzo kuliko katika orodha ya kialfabeti. Vitenzi vya kanuni vina ugumu wa aina nyingine, ambao ni wa masikio. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, nayo "walked" huishia kwa konsonanti mbili zinazofuatana, k na t, bila irabu kati yake; mwanafunzi ama huongeza irabu, akatamka "wokedi", ama haisikii kabisa ile t ya mwisho, na asichokisikia hakiandiki. Makosa mengi yanayosahihishwa kwa kalamu nyekundu kama ya njeo ni makosa ya matamshi, na yangetibiwa kwa kumfundisha mwanafunzi matamshi matatu ya "-ed", yaani t katika "walked", d katika "played" na silabi kamili katika "wanted".

Ulinganishi wa vivumishi huonekana jambo jingine kabisa, lakini nao una mgongano wa aina hiyohiyo. Kivumishi cha Kiswahili hubadilika kufuata ngeli ya nomino, mti mrefu, miti mirefu, kisu kirefu, na hakibadiliki kamwe kwa sababu ya ulinganishi. Kivumishi cha Kiingereza hakijali ngeli wala wingi, ila hubadilika kwa daraja, "high", "higher", "highest". Kiswahili hulinganisha kwa "kuliko", kwa "zaidi" na kwa vitenzi kama kuzidi, kupita na kushinda. Leon Stassen, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu ulinganishi katika lugha za dunia, aliitaja njia ya kitenzi cha kuzidi kuwa mojawapo ya njia chache ambazo lugha za wanadamu hutumia, na imeenea sana Afrika. Mwanafunzi anayeandika "he is tall than me" ametafsiri "mrefu kuliko" kwa uaminifu, na anayeandika "more tall" amelifuata neno "zaidi".

Kanuni ya kuchagua kati ya "-er" na "more" hufuata urefu wa neno: kivumishi cha silabi moja huchukua "-er", cha silabi mbili kinachoishia kwa "y" hufanya vivyo hivyo, kama "easier", na vile virefu huchukua "more". "-er" ni urithi wa Kiingereza cha Kale, na mtindo wa "more" ulienea baadaye, katika Kiingereza cha Kati, hivyo njia hizi mbili zimeishi pamoja kwa karne nyingi. Hata "more better", inayochekwa madarasani, ni ya aina iliyotumiwa na Shakespeare, na ni wanasarufi wa karne ya 18, akiwamo Robert Lowth katika sarufi yake ya mwaka 1762, walioitia muhuri wa kosa. Mwanafunzi lazima aiache, lakini hastahili kuchekwa kwa ajili yake. Neno "afadhali" nalo lina mtego wake, kwa kuwa limetoka Kiarabu likiwa tayari na maana ya ulinganishi ndani yake. "Afadhali niende" haiwi "better I go", bali "I had better go", na "had" hiyo haina uhusiano na wakati uliopita.

Milima miwili ya Afrika Mashariki yatosha kuonyesha sehemu iliyobaki. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895 na Mlima Kenya una mita 5,199, hivyo "Kilimanjaro is higher than Mount Kenya". Kiswahili husema "unauzidi Mlima Kenya kwa mita 696", na mwanafunzi huipeleka "kwa" hiyo mwishoni, akaandika "higher than Mount Kenya with 696 metres", ilhali Kiingereza hukitanguliza kipimo mbele ya kivumishi, "696 metres higher than Mount Kenya". Swali la "upi mrefu zaidi?" halibadiliki katika Kiswahili, iwe milima ni miwili au ishirini, ilhali Kiingereza humtaka msemaji ahesabu kwanza, kisha kwa miwili aseme "higher" na kwa zaidi ya miwili aseme "the highest", pamoja na "the" ambayo Kiswahili hakina. Na "mrefu kuliko yote barani Afrika" ikihamishwa neno kwa neno huwa "higher than all mountains in Africa", sentensi inayoufanya Kilimanjaro uwe mrefu kuliko wenyewe, kwa kuwa nao umo Afrika. Kiingereza husema "the highest mountain in Africa", au "higher than any other mountain", na hilo "other" ndilo linalouondoa mlima wenyewe katika hesabu.

Njeo na ulinganishi hukutana katika sentensi moja ambayo kila mwanafunzi huihitaji mapema: "hiki ni kitabu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusoma". Kiingereza chake ni "this is the best book I have ever read", na ni kawaida kukuta "the best book I was ever read" au mengine ya namna hiyo. Chanzo chake ni kanuni ya Kiswahili sanifu inayozuia kiambishi cha urejeshi kuingia baada ya -me-: mtu hawezi kusema "nimevyowahi", hivyo -li- hushika nafasi zote mbili, ya wakati uliopita na ya hali timilifu, na tofauti ambayo mwanafunzi anaijua vizuri hufichika machoni pake. Akiirudia sentensi hiyo kwa "amba-", yaani "vitabu vyote ambavyo nimewahi kuvisoma", -me- hurudi mahali pake, na pamoja nayo "have".